Nenda Ukakae Hata Kiti cha Nyuma

Mwezi huu, wadogo zangu, mmenipangia foleni na swali moja. Mwalimu wa kike wa Morogoro ameuliza, kijana wa bodaboda ameuliza, mama wa watoto watatu ameuliza kwa ujumbe mrefu ulioandikwa saa tisa usiku, na nyote mnataka kujua jambo lile lile: "Dada, nasikia kuna vikundi vya watu wanaoacha pombe, wanakaa wanazungumza. Vinapatikana wapi? Na nikifika nitafanywa nini?" Kisha kila mmoja kamalizia kwa kuniapisha nisitaje jina lake. Silitaji. Sogea hapa tuongee.

Nianze kwa kugomba kidogo, maana dada mkubwa asipogomba ana kazi gani. Karibu wote mmesema mtakwenda, ila kwanza mpunguze. Mwisho wa mwezi upite, harusi ya binamu ipite, Krismasi ipite, mkae japo wiki mbili bila kugusa glasi, ndipo mwende mkiwa watu wa kutazamika. Hivi wewe nguo zako zikichafuka, unazifua kwanza ndipo uzipeleke kwa dobi? Mkutano wa vikundi hivyo umewekwa kwa ajili ya mtu aliyejaribu kupunguza akashindwa. Aliyeweza kupunguza mwenyewe yuko kwake anaangalia taarifa ya habari. Alcoholics Anonymous, ambao kila mtu huwaita AA, wana sharti moja tu la kujiunga: uwe na nia ya kuacha kunywa. Wanataka nia, basi. Hakuna fomu, hakuna kiingilio, hakuna barua ya mjumbe. Hata ukiingia na harufu mdomoni, vikundi vingi havitakufukuza mradi hufanyi fujo. Watakuomba usikilize tu siku hiyo, kusema utasema siku nyingine. Kwa hiyo, ile harusi ya binamu haihusiani kabisa na habari hii. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na ya mnywaji huumiza na ini.

Jambo la pili linalowashika miguu ni aibu. "Dada, nikionekana naingia je?" Nakwambia kwa mapenzi, na usininunie: mtaa unajua. Mwenye duka anajua kwa nini unanunua pipi za mnanaa asubuhi kabla ya mkate. Bosi wako anazijua Jumatatu zako. Mtoto wako wa darasa la kwanza anausikia mlango ukifunguliwa usiku na kwa namna ufunguo unavyohangaika tu anajua leo ni mama yupi anayeingia. Umeshushwa kwenye bajaji umebebwa mabegani, kiatu kimoja kimebaki njiani, na kesho yake ukapita pale pale ukasalimia watu. Leo utakufa kwa kuonekana unaingia ukumbini ukiwa mzima, umevaa vizuri, saa kumi na moja jioni? Mficha maradhi kifo humuumbua. Na hao watakaokuona mle ndani nao wameingia kwa mlango huo huo kwa sababu hiyo hiyo.

Najua kwa wanawake aibu hii ni nzito zaidi. Mwanamume akilewa watu husema "jana jamaa alizidisha." Mwanamke akilewa husema mengine, ambayo sitayaandika hapa. Ndiyo maana wengi wenu hamwonekani baa. Mnanywea chumbani, kwenye kikombe cha chai, mlango umefungwa kwa komeo na redio imewashwa. Na wewe wa Tanga au Unguja, uliyelelewa nyumba ya Kiislamu, unabeba ya kwako mara mbili, kwa sababu hata kumwambia mtu kwamba unataka kuacha ni kukiri kwamba ulianza. Sikulaumu kwa kujificha. Ninachokuambia ni kwamba uliyoyaficha ndiyo yanayosemwa mle kila wiki, tena na watu wenye heshima zao, na paa halijawahi kuwaangukia.

Sasa hapa nataka ninyamaziwe nisikilizwe. Kuna wanaoamka asubuhi mikono inatetemeka, jasho linawatoka, moyo unakwenda mbio, na hawatulii mpaka wazimue, yaani wanywe tena. Ukiwa wewe ni wa kuzimua kila siku, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako chumbani, hata kama umeamua kwa machozi na umeapa mbele ya picha ya marehemu mama. Mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu huleta vurugu ikikatwa. Kutetemeka huanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho. Ndani ya siku mbili mtu anaweza kupata kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu wasiokuwapo, joto la mwili linapanda, na wapo wanaokufa. Kwetu mtu akiona wadudu ukutani tunasema karogwa, anapelekwa kwenye maombi au kwa mganga, na kumbe alihitaji kitanda cha hospitali na muuguzi wa kumtazama usiku. Nenda hospitali kwanza. Mwambie daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza hata chupa moja, na useme kama ni bia, konyagi au gongo. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo chache salama, kuna vitamini B1 ambayo mwili wa mnywaji huishiwa, na kuna dawa za kupunguza hamu ambazo unaweza kuziulizia baadaye. Kikundi hakina daktari wala dripu. Kinakusaidia kuishi bila pombe mwili ukishatulia, maana huko ndiko wengi wanakoangukia.

Mmoja wenu, mjuaji kidogo, kaniuliza: "Kwani kuongea kunatibu nini, Dada?" Swali zuri. Ngoja nikusimulie AA ilivyoanza. Mwaka 1935 kulikuwa na dalali wa hisa wa New York aliyeitwa Bill. Pombe ilikuwa imemwangusha kazini na nyumbani, akalazwa hospitali tena na tena, ila wakati huo alikuwa na miezi michache tu bila kunywa. Mwezi wa Mei akasafiri kibiashara hadi mji wa Akron, Ohio. Biashara ikaharibika. Akabaki peke yake hotelini, fedha kidogo mfukoni, na upande wa pili wa ukumbi wa mapokezi baa inamwita kwa vicheko. Akaona akiingia mle amekwisha. Basi akaenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa ya mji huo asioujua, akiuliza kama kuna mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye. Angalia hilo: hakutafuta mtu mtakatifu wa kumwombea, alitafuta mlevi mwenzake. Simu zikampeleka kwa mwanamke mmoja, naye akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Dk. Bob, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Dk. Bob alikubali kumwona kwa dakika 15 tu, tena kwa kumridhisha mkewe. Waliongea masaa, mpaka usiku ukawa mkubwa. Daktari alikuwa amekwisha kuhubiriwa na kila mtu. Huyu alikuwa wa kwanza kumweleza mambo ambayo mtu asiyekunywa hawezi kuyajua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baada ya hapo Dk. Bob aliteleza mara moja, na tarehe 10 Juni 1935, siku aliyokunywa mara ya mwisho, ndiyo AA wanayoihesabu kuwa siku yao ya kuzaliwa.

Kama unataka na ya wasomi, yapo. Mwaka 2020 watafiti watatu wakiongozwa na John Kelly wa Chuo Kikuu cha Harvard walikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakakuta kwamba kwa kumfanya mtu akae kabisa bila pombe, AA pamoja na tiba za kitabibu zinazomwelekeza mtu huko hazizidiwi na tiba nyingine za ushauri, na mara nyingi zinazizidi. Hawakusema kwamba kila anayekwenda anapona, nami sisemi. Kuna watu wamekwenda hawakupatana na mambo ya kule, wakasaidiwa na mshauri nasaha au dawa. Lakini huwezi kuwa umeshindwa na mahali ambapo hujafika.

Haya, vinapatikana wapi. Ukiwa Kenya, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192. Piga useme unatafuta msaada wa kuacha pombe na vikundi vya karibu. Tanzania, njia ninayoiamini zaidi ni kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako, au Muhimbili kwa walio Dar, au Mirembe kwa walio Dodoma. Usiogope jina la Mirembe, najua tumekua tukitaniana kwalo. Muulize muuguzi au afisa ustawi wa jamii, wao ndio huwajua watu. Njia nyingine ni nyumba za upataji nafuu, zile mnazoziita soba. Nyingi zilianzishwa kwa ajili ya waraibu wa heroini, na mikutano yao mara nyingi ni ya Narcotics Anonymous, yaani NA, ila kwa NA pombe nayo ni dawa ya kulevya, kwa hiyo hawakugeuzi mlangoni. Unguja na bara zipo. Piga simu uulize kama wana mkutano unaopokea watu wa nje. Nairobi na Dar mikutano ya AA ipo, na simu yako ikiwa na bando, tovuti ya AA ya kimataifa na programu yao ya bure iitwayo Meeting Guide zinaweza kukusaidia kuitafuta. Ipo pia mikutano ya mtandaoni, usiku na mchana, kwa sababu dunia hailali kwa pamoja. Unaweza kuingia kamera imezimwa, jina umeandika herufi moja, ukasikiliza umejifunika shuka. Kwa mwanzo si vibaya. Ila usijifiche humo mwaka mzima. Kuna kitu kinachofanyika watu wakikaa chumba kimoja ambacho simu haikileti.

Ukishapata namba ya kikundi, piga simu asubuhi kabla hujanywa. Usiku ukilewa utapiga, utalia, utaahidi, na kesho hukumbuki uliongea na nani. Huhitaji hotuba. Sema, "Samahani, nimepata namba yenu, nina shida ya pombe, nataka kuja mkutanoni." Basi. Atakayepokea atakuwa ameisikia sentensi hiyo mara nyingi, na wakati fulani aliwahi kuisema mwenyewe. Muulize siku na saa, wanaongea lugha gani, kama kuna wanawake wanaohudhuria, na kama mkutano ni wa wazi au wa wenyewe. Wa wazi unaweza kwenda na dada yako au rafiki. Wa wenyewe ni wa wenye shida ya pombe tu. Muulize pia alama ya kufikia. Mikutano mingi hufanyikia kwenye vyumba vya makanisa au vya jumuiya vinavyokodishwa, kwa hiyo kwa dereva wa boda unataja kanisa au shule iliyo jirani. Hana haja ya kujua zaidi.

Hilo la kanisa nalimalizia hapa hapa kwa ajili ya ndugu zangu Waislamu. Chumba ni cha kukodi tu. AA si kanisa na haina dhehebu. Ndiyo, Mungu anatajwa kwenye hatua 12 wanazozifuata ili kupona, lakini wameandika waziwazi kwamba ni kwa kadiri kila mmoja anavyomwelewa. Nenda na imani yako, na ukitoka uwahi magharibi.

Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu kwenye mkutano wa wazi, kwa hiyo nawaambia nilichokiona. Viti vya plastiki vyeupe, kama 20, vimepangwa duara lisilo sawasawa. Mezani chupa kubwa ya chai na vikombe visivyofanana, kimoja kina picha ya mgombea ubunge wa zamani. Karatasi yenye zile hatua imewekewa plastiki na pembeni imeanza kubanduka kwa kushikwashikwa. Aliyeongoza alikuwa baba wa makamo mwenye shati la kazini. Rafiki yangu alikaa kiti kilicho karibu kabisa na mlango, mkoba mapajani, mkanda wa mkoba kauzungusha kwenye kiganja utadhani tuko kwenye daladala ya Kariakoo. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Wakasoma kidogo, kisha mmoja mmoja akaanza kusema: anataja jina la kwanza tu, anasema yeye ni mraibu wa pombe, wenzake wanamsalimu kwa jina, anaeleza yake, anashukuru, anakaa. Hakuna anayemjibu. Hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri, hakuna shangazi wa kuuliza "kwani mume wako alikukosea nini?" Kwa sisi tuliozoea vikao vya ukoo, ni ajabu kidogo kuona watu wanamwacha mtu amalize.

Zamu ilipomfikia rafiki yangu nikaona midomo inakauka. Akasema, "Leo nimekuja kusikiliza." Wakasema karibu, wakaendelea na jirani yake. Ndivyo ilivyokwisha, ile hofu ya majuma yote. Kisha mzee mmoja akasimulia alivyouza mabati ya jiko la mama yake, moja moja, akidhani mama hataona, mpaka mvua ilipomnyeshea bibi kizee akikoroga uji. Alicheka yeye kwanza, watu wakacheka naye mpaka wengine wakafuta macho. Rafiki yangu alinitazama kwa mshtuko. Kisha naye akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio, na mama aliyekaa upande wa pili akamsogezea karatasi za kujifutia bila hata kumwangalia. Ukikuta watu wanacheka, usidhani wanafanya mzaha na shida yako. Wanacheka yao.

Mwishoni kikapu kilizunguka. Mgeni halazimiki kutoa. Mimi, kwa kiherehere changu, nikatoa noti, na yule mama akanizuia mkono taratibu: wewe si mwenzetu, hatupokei. Nimekuja kujua ni kanuni yao, kujitegemea bila michango ya watu wa nje. Kwa hiyo ukifika mahali ukadaiwa laki mbili mlangoni ili upewe kiti, ujue hapo si AA. Soba unalipia kwa sababu unalala na kula, mkutano haulipiwi. Na hao wanaotangaza dawa ya kumwekea mlevi kwenye chai kwa siri akaichukia pombe, tafadhali. Hujui ndani mna nini, hujui itagombana vipi na pombe iliyomo tumboni. Usimpe mume wako, na usikubali dada yako akupe.

Ninyi wasichana, hili ni lenu. Mle ndani kuna watu wema na kuna wanaume wa kawaida, na mtu kuacha pombe hakumfanyi malaika. Yupo atakayekuona umelia, umelegea, akajitolea kukusindikiza, kukupigia kila usiku, kukushauri faragha. Wenyewe AA wana utani kwa tabia hiyo, wanaiita hatua ya 13, na unajua wanachozungumzia. Namba za simu chukua za wanawake. Wakikwambia utafute mdhamini, yaani mtu aliyetangulia wa kukushika mkono kwenye zile hatua, awe mwanamke mwenzako aliyekaa miaka kadhaa bila kunywa. Wanaume nanyi chukueni za wanaume. Mapenzi mapya acheni kwanza. Moyo uliozoea kukimbilia chupa hukimbilia mtu kwa kasi ile ile.

Na yale utakayoyasikia, yaache mle mle. Usipige picha, usiweke hali ya WhatsApp, usije ukamwambia shoga yako kwamba umemwona meneja wa benki fulani. Hiyo siri unayoitaka iwe yako ni yake pia.

Nataka tuongee kuhusu saa ile ya kutoka, maana watu hawaitaji. Unatoka umechangamka au umechubuka, lolote kati ya hayo, na kiza kinaingia, na njia ya nyumbani inapita grosari ambako wanajua hata kiti chako. Panga njia nyingine kabla hujatoka nyumbani, hata ikiongeza nauli. Kula kabla ya kwenda. Watu wa AA husema jihadhari na mambo manne: njaa, hasira, upweke na uchovu, na ukiangalia vizuri utaona mara nyingi uliponunua chupa ulikuwa na mawili au matatu kwa pamoja. Ukifika nyumbani, kama kuna kitu kabatini kimwage, usimpe jirani, utamfuata. Oga, kunywa chai yenye sukari ya kutosha, lala hata kama ni saa mbili. Ukishindwa kulala, piga moja ya zile namba. Usione unasumbua. Yule Bill alipiga simu Akron ili ajisaidie mwenyewe, na hata huyo utakayemwamsha anajisaidia kwa kukupokea.

Halafu rudi. Hapa ndipo ninapowashika masikio. Wengi mnakwenda mara moja, mnakuta aliyeongea sana anaboa, au wanaongea Kiingereza kingi, au kuna mtu wa kazini kwenu, mnaondoka na hukumu: "Nilijaribu, haikunifaa." Baa uliyoichagua uliingia ngapi kabla? Jaribu kikundi kingine, siku nyingine, chumba kingine. Wakiongea Kiingereza, wewe sema Kiswahili chako, watakuelewa. Mwaka 1939 Marty Mann, mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kupona ndani ya AA, alifika mkutano wake wa kwanza nyumbani kwa Bill, Brooklyn, akiwa na woga mwingi kuliko wako. Miaka mitano baadaye alikuwa anazunguka Marekani akiwaeleza watu kwamba ulevi ni ugonjwa na mlevi anastahili kutibiwa.

Ukianguka je? Utaumia, na utataka kutoweka kwa sababu uliwaambia watu majina ya watoto wako na sasa utawatazamaje. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mkutano utakaokwenda baada ya kuanguka ni mgumu kuliko wa kwanza, sikudanganyi, ila hakuna atakayekuuliza kwa nini. Watakuuliza kama umekula. Lakini ole wenu mtakaoichukua aya hii mkaifanya ruhusa ya kunywa Ijumaa hii! Nawajua.

Nimalizie na wale ambao hamnywi ila mnaishi na mnywaji. Mke wa Mbeya uliyeuliza jinsi ya kumburuta mumeo, huwezi kumburuta, mama. Ukimleta kwa nguvu atakaa, atatazama saa, na akitoka atakuadhibu. Lakini wewe mwenyewe una pa kwenda. Mwaka 1951 Lois, mke wa yule Bill, na mwenzake mmoja walianzisha Al-Anon kwa ajili ya jamaa wa walevi, kwa kuwa waligundua kwamba na wao wameugua kwa namna yao: kukagua mifuko, kuhesabu chupa, kumdanganya bosi kwa simu kwamba baba ana malaria. Palipo na AA, uliza kama na Al-Anon ipo. Kama haipo, mikutano yao nayo ipo mtandaoni. Na acha ile ya malaria. Safari hii mwache apige simu mwenyewe.

Wewe wa Tabora, ambaye umesema hakuna kikundi chochote mkoani kwenu: nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, mwambie mshauri nasaha akukutanishe na mtu mmoja tu aliye katika hali yako na anayetaka kuacha, kama naye ataridhia. Wawili wanatosha. Akron walianza wawili.

Na wewe mama wa watoto watatu, uliyeandika saa tisa usiku na kuuliza kama unaweza kwenda na yule mdogo kwa sababu huna wa kumwachia. Piga simu kwanza uulize, lakini mkutano wa wazi mara nyingi hakuna atakayekukataza. Mbebee uji na kitu cha kuchezea kisicho na kelele, maana ni saa nzima au moja na nusu, na kaa karibu na mlango ili akilia utoke naye kidogo kisha urudi.